Mfalme Valdari na Kigoda cha Tata

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu alikuja kunisalimia hapa Kaisho ninakofundisha. Alinikuta uani namenya ndizi, akanisogezea simu karibu na pua kama wafanyavyo watoto wa siku hizi, wanaodhani sisi wa umri huu hatuoni kitu mpaka kitugonge usoni.

"Shangazi, hebu mwone huyu."

Nilimwona. Ameketi kwenye kiti cha jiwe, taji la chuma kichwani, ndevu zimeshuka mpaka magotini, mkuki umelala mapajani. Wamempamba sana siku hizi, ndevu zinapepea na macho yana majimaji ya mtu aliye hai, lakini alikuwa yeye yule.

"Anaitwa Valdari," mtoto akaniambia. "Ndiye mfalme wa kwanza, ndiye aliyeanzisha nchi yote hii. Gemu lenyewe ni la zamani, wamelitengeneza upya. Unamjua?"

"Nitamjulia wapi mimi," nikasema, nikaingia ndani kutafuta kisu, na kisu nilikuwa nacho mkononi.

Sisi tuliokua wakati vibanda vya gemu vinaanza kuingia huku kwetu tunapenda kujidai kwamba utotoni tuliogopa fisi na giza tu, vitu vya heshima. Mimi niliogopa mtu wa kwenye runinga. Ninasimamia darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, nimezaa, nimezika, na bado nilisimama chumbani nimeshika kisu nikisubiri moyo utulie. Ningesikia mwingine anasimulia hivyo ningemcheka mpaka nikae chini.

Kwetu ni Ihembe. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya kibanja, migomba mbele na nyuma, mibuni imejificha chini ya migomba. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye upara unaong'aa na kovu kwenye paji la uso, na kila alipotaka kusema jambo alikohoa kwanza, kikohozi kifupi cha kusafisha njia. Kama ulikuwa umekosea, kikohozi hicho kilikupa muda wa kutosha kujuta. Sebuleni palikuwa na kigoda chake cha miguu mitatu, cheusi kwa moshi na kwa kukaliwa na watu waliokwisha kufa, maana kilikuwa cha babu na kabla yake cha baba wa babu. Siku moja nilikikalia nikila kiazi. Mama aliniinua kwa sikio.

"Hicho si chako," alisema. "Kina mwenyewe."

Tata alikuwa shambani na chumba kilikuwa kitupu, kwa hiyo nilielewa kwamba huyo mwenyewe yumo ndani ya ule mti. Tangu hapo nilipita sebuleni nimebana ukuta.

Kaka yangu Mwesiga alikuwa sekondari, mrefu kuliko suruali zake, na sauti yake ilikuwa ndiyo kwanza inavunjika. Alikuwa kaka, na alikuwa pia dunia yangu yote. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi, akaniachia mimi adhabu ya kupiga mluzi ndani ya nyumba. Siku za soko alipeleka mikungu ya ndizi Omurushaka kwa baiskeli, mikungu nyuma na mimi mbele kwenye bomba, na ndizi zikishapata mnunuzi tulipitia kwa Bwana Salimu. Huyu alikuwa muuza vitambaa ambaye baba yake alikuja zamani kutoka Tanga kwa biashara akasahau kurudi. Nyuma ya duka alikuwa na chumba chenye runinga, gemu na mabenchi, na blanketi limetundikwa mlangoni kuzuia mwanga. Ndani kulinuka jasho la wavulana na mafuta ya maandazi. Mimi nilikaa kwenye kona nimeshika pampu ya baiskeli isiibiwe, Mwesiga alishika pedi ya kuchezea, na Valdari akaja.

Hadithi yenyewe, kwa jinsi Mwesiga alivyonitafsiria, ilikuwa hivi. Zamani hapakuwa na nchi, palikuwa na ukungu tu. Valdari alitoka ng'ambo ya milima na ng'ombe wake, akachoma mkuki ardhini, ukungu ukakimbia, akasema hapa ni kwangu. Mpaka hapo sikuona ajabu. Wazee wetu wa Karagwe nao wanasimulia juu ya mfalme aliyekuja na ng'ombe na mikuki, nikadhani hawa wawili ni majirani. Kilichonitisha kilifuata baadaye. Valdari alipozeeka hakuzikwa. Aliketi palepale kwenye kiti cha jiwe mpaka akawa vumbi, na kila mrithi aliyeletwa kukikalia, vumbi lile liliinuka likamwingia puani na mdomoni. Kijana akatetemeka, nywele zikamwanguka, uso wake ukafutika kidogo kidogo na uso wa mzee ukaja mahali pake. Sauti ya mzee ikasema, "Nimerudi," na watu wote wakapiga magoti.

"Yule kijana yuko wapi?" nilimuuliza Mwesiga.

"Hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Koku, ni gemu. Amekuwa Valdari. Tulia nicheze."

Wavulana wengine walicheka. Mimi niliendelea kukitazama kile kiti, nikisubiri yule kijana achungulie hata kwa nyuma. Njiani kurudi nilimwomba Mwesiga apige mluzi muda wote ili nijue ni yeye anayeendesha baiskeli.

Kisha Tata akafa. Alianguka kwenye mibuni asubuhi moja wakati wa mavuno. Akaondoka nyumbani kwa pikipiki, ameshikiliwa na jirani, akarudishwa kwa gari. Alizikwa kwenye kibanja chetu, upande wa juu, na udongo mwekundu ulibaki umevimba kati ya migomba. Nyumba ilitandikwa nyasi, watu wakalala humo, jembe halikuguswa, na mimi sikulia. Nilijua kwamba watu hufa. Sikujua bado kwamba wakifa wanaendelea kuwa wamekufa. Kila niliposikia mtu anakohoa uani nilitoka kwenda kutazama.

Baba mkubwa Eliasi, kaka yake Tata, ndiye aliyetuita watoto siku ya kupanga kuanua matanga. Alikuwa mkuu wa ukoo, mtu mpole mwenye tumbo, na alitaka kutufariji. Nataka hilo lieleweke, maana maneno yake ndiyo yaliyonimaliza.

"Msilie sana, wanangu," alisema. "Mji huu haukubaki bila mtu. Jumamosi Mwesiga ndiye omusika, ndiye mrithi. Tutamkalisha kwenye kigoda cha baba yenu, tumpe mkuki. Akishakaa pale, baba yenu amerudi. Hakutakuwa na Mwesiga tena wa kuchezacheza naye. Mtamwita Tata, mtamwamkia, na atakachosema kimekwisha."

Watu wazima waliitikia kwa kichwa. Mama aliitikia pia, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, maana nilijua Mama hasemi uongo. Nilimtazama Mwesiga. Alikuwa anatazama nyasi za sakafuni, anachomoa moja moja na kuzikunja vidoleni.

Wenzangu, wekeni kando akili mlizo nazo sasa, mrudi kwenye zile za darasa la pili. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mrithi anavyokalishwa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kigoda kina mwenyewe. Sasa mkuu wa ukoo, mbele ya watu wote, anasema kwamba kaka yangu akikikalia, baba atarudi na Mwesiga hatakuwepo. Hakuna aliyebisha. Niliona dunia nzima imekubaliana kufanya jambo la kutisha kwa sauti ya chini na kwa adabu.

Na kuna jambo lingine ambalo liliniogopesha kuliko yote. Nilimtaka Tata. Nililala kwenye nyasi katikati ya shangazi zangu nikawaza kikohozi chake asubuhi, harufu ya sabuni na kahawa mbichi kwenye mikono yake, na nikajikuta nasema moyoni, basi akae kwenye kigoda. Halafu nikamkumbuka Mwesiga na mluzi wake na nikajua kwamba nimemuuza. Nilikuwa mtoto mdogo na nilidhani ninaulizwa nichague.

Siku ya pili yake walitunyoa. Ndiyo desturi, wafiwa wote wananyolewa, na mimi nilinyolewa nikiwa kwenye mapaja ya Mama. Kisha nikamwona Mwesiga akiinuka kwenye mkeka. Nywele zake zimelala chini, na kichwa kilichokuwa chini ya nywele zile kilikuwa kichwa cha Tata. Paji lilelile, kovu tu halikuwepo. Shangazi mmoja alishika mdomo akasema, "Waitu, ni baba yake mtupu." Nilikimbilia nyuma ya jiko nikatapika uji.

Hapo ndipo nilipoamua kwenda Omurushaka. Bwana Salimu ndiye mwenye gemu, nilijua atakuwa anajua mwisho wake. Nilimdanganya Mama kwamba nakwenda kuchota maji, nikaficha dumu kwenye migomba, nikashika barabara peke yangu, kichwa kinawaka jua kwa kukosa nywele. Kila lori lililopita liliniachia vumbi, na kila vumbi lilipoinuka nilifunga mdomo na pua kwa mikono yangu yote miwili.

Bwana Salimu alikuwa anakunja vitenge. Aliona kichwa changu kilichonyolewa kabla hajaona kitu kingine.

"Ah, mwanangu. Wewe ndiye mdogo wake Mwesiga. Tumesikia habari ya mzee. Pole sana. Umekuja na nani?"

"Shikamoo. Nimekuja peke yangu. Nataka kuuliza."

"Marahaba. Kaa. Uliza."

Lakini kule nyuma wavulana walikuwa wanacheza, nikaona aibu kutaja Valdari. Nikauliza kwa njia niliyoona ni ya kikubwa.

"Mtu akishatoka kwenye mwili wake, anaweza kurudi?"

Bwana Salimu aliweka kitenge chini. Alipiga magoti mbele yangu pale kwenye vumbi la duka lake, mtu mzima na kanzu yake safi, akanishika mabega. Alidhani namuuliza habari za Tata.

"Harudi, mwanangu," alisema taratibu. "Amekwenda kwa Mwenyezi Mungu, na huko ni pazuri. Lakini huku harudi tena. Usimngoje. Umwombee tu."

Alinipa andazi, akamtafuta mtu wa pikipiki anirudishe nyumbani. Njia nzima nilishika lile andazi bila kuliuma. Mwema wa watu alinijibu kweli tupu, na mimi niliichukua kweli hiyo nikaielekeza kwa Mwesiga: akishatoka harudi, nisimngoje, nimwombee tu.

Jumamosi watu walijaa uani. Mwinjilisti aliomba, akaimbisha, akafunga Biblia yake, kisha akasogea upande wa jikoni kama mtu mwenye shughuli huko, na mambo ya ukoo yakaanza. Kigoda kilitolewa nje. Sikuwahi kukiona kwenye mwanga wa jua, kilionekana kidogo na kizee, na hilo halikunipa nafuu yoyote. Mwesiga aliletwa. Walimfunga begani rubugo, nguo ya gome la mti iliyotoka kwenye sanduku la babu, ya rangi ya kutu na yenye harufu ya moshi na unyevu. Ilipokunjuliwa vumbi liliinuka. Nililiona likimzunguka usoni kwenye jua. Nilitaka kupiga kelele azibe pua, na sauti haikutoka.

"Kaa," alisema Baba mkubwa Eliasi.

Mwesiga akakaa. Akapewa mkuki. Mikono yake ilitetemeka mpaka ncha ya mkuki ikawa inachora duara hewani, kisha mtetemeko ukakoma ghafla, akainua uso. Kichwa cha Tata. Mabega ya Tata yameinama vilevile mbele kidogo. Alitakiwa aseme neno kwa ukoo. Akafungua mdomo, na kabla ya neno lolote akakohoa, kikohozi kifupi cha kusafisha njia.

Mkojo ulinishuka miguuni. Sioni aibu kuandika hivyo. Wanawake walipiga vigelegele, Mama alijifunika uso kwa khanga, na kila mtu pale uani alikuwa amesikia nilichosikia na wote walikuwa wanafurahi.

"Huyu ndiye baba yenu," alisema Baba mkubwa. "Mwamkieni."

Watoto walipanga mstari. Mmoja mmoja walipiga magoti, "Shikamoo, Tata," na ile sauti nzito iliyokauka ikajibu, "Marahaba." Sasa najua ilikuwa imekauka kwa kulia. Nilisukumwa mbele. Nilipiga magoti karibu sana, nikainua macho nikatafuta ndani ya macho yake, kushoto na kulia, kama mtu anayechungulia dirisha la nyumba iliyofungwa.

"Mwesiga," nikanong'ona, "umo humo?"

Alimtazama Baba mkubwa, akanitazama mimi.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Nilitimua mbio. Nilipita katikati ya miguu ya watu, nikapita jiko na zizi la mbuzi, nikaenda kuangukia chini ya migomba upande wa chini, mbali na kaburi, nikajifunika majani makavu. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu msiba, na nilikuwa namlilia kaka yangu. Uani walikuwa wanakula na kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nilisikia kicheko. Nilijua Mama akinikuta itabidi nimwambie ukweli, kwamba mimi ndiye niliyesema akae.

Aliyenikuta hakuwa Mama. Nilisikia majani yakivunjika chini ya miguu mizito, nikaona rubugo, nikajikunja.

"Koku."

Aliketi chini udongoni, mkuki akautupa kando kama fimbo ya kuchungia. Kisha akasema, na sauti ilikuwa inavunjika katikati kama zamani, nusu ya mtu mzima na nusu ya mtoto:

"Toka, ni mimi."

"Mwongo. Nimekusikia ukikohoa."

"Nilikohoa makusudi."

Nilitoa kichwa kwenye majani. Uso ulikuwa wake, umevimba, kamasi zimemfikia mdomoni. Nilimgusa sikio. Lilikuwa sikio la Mwesiga, lenye tundu dogo alilong'atwa na mbwa. Nikaanza kucheka na kulia, nikamwambia yote, Valdari, vumbi, Bwana Salimu. Nilitegemea anicheke. Angekuwa Mwesiga wa mwezi uliopita angenicheka mpaka nimpige.

Hakucheka. Alivuta magoti kifuani, akayashika kwa mikono miwili.

"Hata mimi nilidhani hivyo," alisema. "Tangu waliponiambia. Nilijua ni ujinga lakini nilidhani hivyo. Nilipokaa pale nilifumba macho nikamwambia, Tata, njoo, ingia, mwili huu hapa, mimi siyawezi haya. Mama siwezi, nyinyi siwezi, shamba siwezi. Nikasubiri. Nikakohoa kama yeye, nikisema labda akisikia atakuja."

"Akaja?"

"Hakuja, Koku. Pale kwenye kigoda hakuna mtu. Ni mimi tu."

Nilikuwa nimeogopa siku nyingi kwamba yumo. Mpaka wakati ule haikunipitia akilini kwamba ingewezekana kuogopa kwamba hayumo. Nilimtazama kaka yangu na kichwa chake kilichonyolewa, na udongo mwekundu ule wa juu kati ya migomba ukaniingia moyoni kwa mara ya kwanza, kwamba Tata yuko mle na harudi, si kwa kigoda, si kwa mkuki, si kwa mtu yeyote. Nilishikwa na hofu ambayo haikuwa na sura wala taji, na hiyo ndiyo ambayo sijapona mpaka leo.

Baba mkubwa Eliasi aliita kutoka uani. "Mwenye mji yuko wapi? Wageni wanataka kuaga."

Mwesiga hakusogea. Baba mkubwa akaita tena. Kaka yangu akajipangusa kamasi kwa rubugo la babu, akaokota mkuki, akainuka huku akijishikilia kwenye mgomba. Alinipa mkono nami nikainuka. Tulipofika karibu na jiko aliniachia mkono, akakohoa, akaenda kuwaaga wageni.